Mwanafunzi wa Upigaji Picha na Vyombo vya Elimu Yake

Kijana atakaye kujifunza kupiga picha siku hizi hasumbuliwi na uchache wa waalimu, bali na wingi wao. Hapo zamani mtu wa namna hiyo alikuwa hana budi kumwendea fundi mwenye studio, kukaa kwake miezi mingi akibeba taa, akifagia, akichanganya dawa gizani, na kamera yenyewe hakuishika mpaka alipokwisha kuaminiwa. Leo kamera imo ndani ya simu ya mkononi, na masomo ya kila namna, ya maandishi na ya video, hupatikana kwa kugusa kioo. Hata hivyo wingi huu haukuondoa ujinga. Wengi hujifunza mwaka mzima, wakajua majina ya kamera na bei zake, lakini ukiwauliza kwa nini uso wa bwana arusi umeingia giza na kanzu yake imekuwa ya kijivu, hawana jibu. Na arusi hairudiwi. Picha iliyoharibika siku ile imeharibika moja kwa moja.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza alama ambazo kwazo chombo kizuri cha elimu hiyo, kikiwa ni kitabu, fundi au somo la darasani, chaweza kutambulikana na chombo kibaya. Jambo hili laonekana kwanza kama kwamba ni la mafundi peke yao, lakini kwa kweli sehemu yake kubwa ni jambo la lugha. Karibu vitabu vyote vya ufundi huu vimeandikwa kwa lugha za Ulaya, na vingi vyaeleza jua la Ulaya na nyuso za Ulaya. Mwanafunzi asemaye Kiswahili hupokea maneno kabla ya maana, na pengine hupokea maana isiyomfaa mahali alipo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa lugha wana sehemu yao katika kazi hii.

I. Majina ya ufundi na yale yanayofichwa nayo

Jina la sanaa hii katika lugha nyingi za Ulaya limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza likiwa na maana ya mwanga na la pili maana ya kuandika au kuchora. Hercules Florence, Mfaransa aliyekaa Brazil, alilitumia katika maandishi yake mwaka 1834; na John Herschel, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alilitangaza mbele ya wataalamu wenzake mwezi wa Machi 1839, mwaka ule ule ambao ufundi wa Louis Daguerre ulifunuliwa hadharani mjini Paris. Jina hilo lasema wazi kwamba mwandishi wa picha ni mwanga. Mtu hufungua njia na kuifunga tu.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Neno picha limetoka katika Kiingereza, na kitendo chenyewe kimeingizwa katika jamaa kubwa ya kitenzi kupiga, pamoja na kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga simu, kupiga mbiu na kupiga deki. Katika semi zote hizo mtendaji ni mtu, na chombo kimo mkononi mwake. Usemi huu ni mwepesi na mzuri, wala hapana haja ya kuubadili. Lakini yafaa mwalimu ajue kwamba unamfundisha mwanafunzi jambo moja na kumficha jingine. Unamfundisha kwamba picha ni kitendo cha kidole. Unamficha kwamba picha ni kazi ya mwanga. Ndiyo sababu wanaoanza hushughulika na kitufe kabla ya kutazama jua liko upande gani.

Neno kamera nalo lina habari ndani yake. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Wako wasemao kwamba limetoka katika Kiarabu, lakini dai hilo halina msingi, kwa kuwa Kilatini chenyewe kilikwisha kulipokea kutoka Kiyunani karne nyingi kabla ya elimu ya Waarabu kufika Ulaya. Pengine dai hili limezaliwa na ukweli mwingine ulio karibu nalo: Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya mwanga mapema katika karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga upitao katika tundu dogo unavyochora sura ya vitu ndani ya mahali penye giza. Miaka karibu 600 baadaye, mwaka 1604, Johannes Kepler alikiita chumba cha namna hiyo kwa Kilatini chumba cha giza, na nusu ya jina hilo ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Mwalimu ajuaye asili hiyo amepata somo la kwanza lisilogharimu senti. Na awaingize wanafunzi katika chumba kinachotazama barabara yenye jua, afunge madirisha na mlango, azibe kila ufa, kisha aache tundu moja dogo kama tundu la msumari. Ukutani mkabala wa tundu wataona barabara imepinduka, watu wakitembea vichwa chini. Hapo wamekwisha kuwa ndani ya kamera. Tundu likipanuliwa, sura itang'aa zaidi lakini itapoteza ukali wake. Likipunguzwa, itafifia na kuwa kali. Mwanafunzi aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake hatayasahau, na kitabu kisichomwonyesha jambo la namna hiyo mapema hakijaanza kumfundisha.

Mfano wa tatu ni kusafisha. Mafundi wa Afrika Mashariki, walipotaka kusema kwamba filamu imetiwa dawa ili picha ionekane, walisema imesafishwa au imeoshwa. Lugha za Ulaya husema imekuzwa au imefunuliwa. Kazi yenyewe ina sehemu nne. Kwanza filamu hutiwa katika dawa inayozigeuza chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga, ziwe fedha nyeusi. Kisha hutiwa katika dawa ya kuizuia ile ya kwanza isiendelee. Tatu hutiwa katika dawa inayoondoa chumvi iliyobaki, na sifa ya dawa hii Herschel aliigundua tangu mwaka 1819, miaka 20 kabla haijawa na kazi katika upigaji picha. Mwisho huoshwa kwa maji safi. Kwa hiyo neno la mafundi limetaja sehemu ya mwisho peke yake, na mwanafunzi alisikiaye aweza kudhani kwamba filamu ilikuwa chafu. Lakini mafundi hawakukosea kabisa. Picha isiyooshwa sawasawa hubakiwa na dawa ndani yake, na baada ya miaka kadha huingia rangi ya manjano na kufifia. Nyingi katika picha za zamani zilizopotea makabatini mwa watu zimepotea kwa kuwa mtu alifanya haraka penye maji.

Katika mifano hii mitatu yaonekana kanuni moja. Neno la ufundi ni mlango. Chombo kizuri cha elimu humpitisha mwanafunzi ndani yake, na chombo kibaya humwacha amesimama mlangoni akilikariri jina lake.

II. Hesabu ya mwanga

Msingi wa ufundi wote ni mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, na wepesi wa filamu, au wa kile chombo cha umeme kilichochukua mahali pake, katika kuupokea mwanga. Mambo mawili ya mwisho ni rahisi kueleza. Muda ukipunguzwa nusu, mwanga hupungua nusu. Namba ya wepesi ikiongezwa mara mbili, mwanga unaohitajika hupungua nusu. Namba hizo ndizo zilizokubaliwa na mataifa mwaka 1974 chini ya alama ya ISO, pale mipango ya Marekani na Ujeremani ilipounganishwa.

Jambo la kwanza ndilo linalowatatiza wanafunzi. Namba zilizoandikwa juu ya lenzi ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, na mwanafunzi huambiwa kwamba namba kubwa ni tundu dogo. Vitabu vingi humtaka aikariri kanuni hiyo kama kwamba ni kinyume cha akili. Si kinyume cha akili hata kidogo, kwa kuwa namba hizo si vipimo bali ni sehemu. Namba 2 maana yake ni kwamba upana wa tundu ni nusu ya urefu wa fokasi ya lenzi. Namba 4 ni robo yake. Namba 8 ni sehemu moja katika nane. Katika lenzi ya milimita 50, tundu la namba 2 lina upana wa milimita 25, na tundu la namba 4 lina upana wa milimita 12.5.

Hapa Kiswahili kina akiba yake ambayo waandishi hawajaitumia. Lugha hii ina majina mafupi ya sehemu hizo hizo: nusu, robo na thumuni. Kila mtu aliyenunua robo kilo ya sukari ajua kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, na wazee wa pwani waliozoea kuiita sarafu ya senti 50 thumuni hawahitaji kuambiwa kwamba thumuni ni ndogo kuliko robo. Mwalimu akisema tundu la nusu, tundu la robo na tundu la thumuni, amekwisha kuliondoa fumbo zima kwa maneno ambayo mwanafunzi alikuja nayo kutoka nyumbani.

Hatua inayofuata ni kueleza kwamba mwanga hupita katika eneo la tundu, si katika upana wake peke yake. Upana ukipunguzwa nusu, eneo hubaki robo. Kwa hiyo tundu la robo hupitisha robo ya mwanga upitao katika tundu la nusu, wala si nusu yake. Ndiyo sababu kati ya 2 na 4 pamewekwa 2.8, na kati ya 4 na 8 pamewekwa 5.6, ili kila hatua iwe ni nusu ya ile iliyotangulia. Kitabu kinachoyaeleza mambo hayo katika kurasa mbili, kisha kikampa mwanafunzi zoezi la kufanya, ni kitabu cha kununuliwa. Kitabu kinachompa jedwali la kukariri bila sababu na kiachwe dukani.

Akishafahamu hayo aweza kupewa kanuni ya zamani ya mafundi: jua likiwaka bila wingu, tumia tundu la 16, na muda wa pazia uwe ni sekunde moja kugawanywa kwa namba ya wepesi wa filamu. Penye wepesi wa 100, muda ni sehemu moja katika mia ya sekunde. Kutoka hapo aweza kupiga hesabu mwenyewe: akifungua tundu kwa hatua tatu, kutoka 16 hadi 5.6, muda nao utakuwa sehemu moja katika mia nane. Mtu awezaye kufanya hesabu hiyo kichwani si mtumwa tena wa kamera yake.

III. Jua la vitabuni na jua la hapa

Chombo cha elimu chaweza kuwa cha kweli mahali kilipoandikwa na kikawa cha uongo mahali kinaposomwa. Vitabu vya Ulaya na Marekani husifu sana ile saa ya dhahabu, yaani muda wa kabla ya magharibi ambapo jua limeinama na mwanga wake ni laini na wa manjano. Mjini London mwishoni mwa Juni jua huzama yapata saa tatu na dakika ishirini usiku, nalo hushuka kwa mshazari. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama huchukua dakika karibu 50. Dar es Salaam jua huzama mapema, haipiti saa moja mwaka mzima, nalo hushuka karibu wima. Safari hiyo hiyo ya nyuzi 6 huisha kwa dakika 25 hivi. Mpiga picha wa Dar es Salaam aliyekisadiki kitabu cha London atapanga watu wake taratibu, na kabla hajamaliza safu ya pili giza limekwisha kuingia.

Mfano wa pili ni dirisha la kaskazini. Wachoraji wa Ulaya na baada yao wapiga picha walijenga studio zenye madirisha makubwa upande wa kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua la mchana hukaa upande wa kusini daima, na dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa mbingu peke yake, mtulivu usiobadilika. Kanuni hii imerudiwa vitabuni mpaka imekuwa kama sheria. Lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa mstari wa ikweta. Tangu mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa mji huo, na katika miezi mitano iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha la kaskazini basi hupata jua lenyewe kwa muda wa miezi saba. Aliyeishika sheria bila kushika sababu yake atajenga studio yake ikitazama upande usiofaa.

Mfano wa tatu ni jua la adhuhuri. Kwa kuwa hukaa karibu na utosi, hutia kivuli kizito chini ya nyusi, na macho yakawa mashimo mawili. Vitabu vya ng'ambo humshauri mwanafunzi angojee jua liiname. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye nafasi, lakini arusi na mikutano haingoji. Mafundi wa mitaani wana njia zao: humweka mtu ukingoni mwa baraza, mwili ukiwa kivulini na uso ukitazama nje, au humsimamisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa ili mwanga urudishwe usoni mwake. Katika vitabu vya ng'ambo njia hizi hutajwa kwa vifaa vya kununua. Hapa vifaa hivyo vimekwisha kujengwa na waashi.

IV. Uso, kanzu na kipima mwanga

Jambo zito kuliko yote ni namna kamera inavyopima mwanga. Kipima mwanga kilicho ndani yake hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mahali panapotazamwa, kwa jumla yake, ni pa kijivu cha wastani, na kijivu ambacho wafundishaji wamezoea kukitumia kama mfano ni kile kinachorudisha mwanga kwa kiasi cha sehemu 18 katika 100. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe iliyojaza picha, hupunguza mwanga mpaka kanzu iwe ya kijivu, na uso wa mwenye kanzu ukazama gizani. Kikielekezwa kwenye buibui jeusi, huongeza mwanga mpaka buibui lipauke na uso upoteze umbo lake. Dawa yake ni kumfundisha mwanafunzi aongeze mwanga kwa hatua moja au mbili penye weupe mwingi, na apunguze penye weusi mwingi. Au, lililo bora, aupime uso wenyewe kwa karibu, kisha asahihishe kwa kadiri ya rangi ya ngozi hiyo.

Vitabu vingi havikuandikwa kwa kufikiri ngozi nyeusi. Ansel Adams, Mmarekani aliyebuni pamoja na Fred Archer, karibu na mwaka 1940, mpango wa kugawanya mwanga kwa hatua kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu, aliiweka ngozi ya Mzungu katika hatua ya sita na ngozi nyeusi katika hatua ya tano. Yeye angalau alilitaja jambo hilo. Katika viwanda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, ili mitambo ya kuchapa rangi isawazishwe kwa uso huo. Uso wa Mzungu ukitokea vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 mtaalamu wa Canada, Lorna Roth, aliieleza habari hiyo kwa urefu. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza simu ambayo kamera yake ilirekebishwa kwa makusudi ili ipate rangi ya ngozi nyeusi sawasawa, jambo lionyeshalo kwamba kosa la zamani lilikuwa halijakwisha.

Basi mwanafunzi wa Tanga au Kisumu ambaye picha za jamaa zake zimetokea kama vivuli vyenye meno, asifikiri kwamba mikono yake ni mizito. Pengine alifuata barabara maagizo yaliyotungwa kwa ajili ya uso mwingine. Kitabu kisichomwambia neno lo lote juu ya jambo hili, hata kama ni kizuri kwa mengine, kitamwacha na kosa ambalo hataijua asili yake, na atajilaumu bure.

V. Vitabu, mafundi na picha zenyewe

Kwa kuwa kila chombo kina upungufu wake, mwanafunzi hana budi kuvichanganya, lakini kwa utaratibu. Cha kwanza ni kijitabu kinachotolewa pamoja na kamera yenyewe. Watu wengi hukitupa, nao hawajui kwamba hicho peke yake ndicho kinachosema habari za chombo walicho nacho mkononi. Kizoefu hiki ni cha tangu mwanzo: Daguerre alipofunuliwa siri yake Agosti 1839, alitoa kijitabu cha maelezo, na kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kiingereza, Kijeremani na lugha nyingine. Sanaa hii imesafiri kwa tafsiri tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Cha pili ni kitabu kimoja cha msingi, kilichosomwa mpaka mwisho. Kwa wasomao Kiingereza viko vitabu vilivyothibitishwa na muda. Kitabu cha Michael Langford juu ya misingi ya upigaji picha, kilichotoka mara ya kwanza 1965, kimetolewa upya mara nyingi, na nguvu yake ni kueleza sababu. Vitabu vitatu vya Ansel Adams, vilivyotolewa kati ya 1980 na 1983, cha kwanza juu ya kamera, cha pili juu ya filamu na cha tatu juu ya kuchapa, ni vigumu kwa anayeanza, lakini vyafaa kuwekwa akiba. Kitabu cha Bryan Peterson cha mwaka 1990 juu ya kiasi cha mwanga ni chepesi zaidi. Kimoja kikifahamika chafaa kuliko kumi vilivyoonjwa.

Cha tatu ni fundi. Historia ya pwani na miji yake yaonyesha njia mbili za kujifunza. Njia moja ni ya kurithishana, kama katika studio ya Capital Art, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe. Njia ya pili ni ya kujifunza mwenyewe kwa kujaribu, kama Omar Said Bakor wa Lamu (1932–1993), aliyesifika kwa picha zake za kuunganisha, na kama Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943 aliyelelewa Dar es Salaam, ambaye alianza na kamera ndogo ya sanduku akiwa bado mwanafunzi wa shule, na mwaka 1963 akaanzisha mjini humo kampuni yake ya Camerapix. Fundi hufundisha kile kisichoandikika, yaani jinsi ya kusema na anayepigwa picha, jinsi ya kusimama, na wakati wa kungoja. Lakini fundi asiyejua sababu za mambo hurithisha makosa yake pamoja na ustadi wake. Kwa hiyo kitabu na fundi husahihishana.

Cha nne ni picha zenyewe. Mwanafunzi achukue picha moja anayoipenda, ajiulize mwanga ulitoka upande gani, kivuli kimeangukia wapi, tundu lilikuwa pana au jembamba, na mpigaji alisimama wapi. Maswali hayo manne, yakiulizwa juu ya picha moja kila siku, ni darasa kamili. Cha tano ni daftari. Kamera za siku hizi huandika zenyewe kipimo cha tundu na muda. Haziandiki hali ya mbingu, wala haziandiki mwanafunzi alitaka nini. Hayo ayaandike mwenyewe, kwa lugha anayofikiria nayo.

VI. Wajibu wa wachunguzi wa lugha

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, kazi ya kuyasanifu maneno imekuwa ikifanyika, na kamusi zimetolewa zenye faida kubwa, ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikiwa mojawapo. Lakini maneno ya ufundi hayazaliwi mezani peke yake. Mengi yalizaliwa katika vyumba vya giza vya Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Lamu, midomoni mwa watu waliohitaji kuelewana upesi huku filamu ikiwa ndani ya dawa. Vyumba hivyo vimefungwa karibu vyote, kwa kuwa filamu imeacha kutumika na watu wengi, na mafundi waliovifanyia kazi wamezeeka. Majina waliyoyatumia kwa dawa, kwa vyombo, kwa makosa na kwa sifa za picha yatazikwa pamoja nao yasipoandikwa sasa.

Kazi mbili basi zafaa kufanywa. Ya kwanza ni kuwaendea mafundi hao na kuyaandika maneno yao pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, si orodha ya majina tu, maana yameonekana hapo juu jinsi neno kusafisha lisivyoweza kufahamika bila kujua sehemu nne za kazi. Ya pili ni kutunga kitabu kidogo cha msingi kwa Kiswahili, kisicho tafsiri ya kitabu cha Ulaya, chenye jua la hapa, kanzu na buibui, ukuta wa chokaa, na tundu la nusu, robo na thumuni. Maneno mapya yakihitajika yatafutwe. Lakini mengi yaliyopo yatatosha yakielezwa vema.

Mwanafunzi mwenye kitabu kama hicho hatahitaji kukariri. Atafunga madirisha ya chumba chake, aache tundu moja, atazame barabara iliyopinduka ukutani, na kuanzia hapo aweza kufikiri mwenyewe.